Dogo ana divisheni 4 ya pointi 26, hela ipo ya mwaka mmoja tu: cheti cha sheria au usimamizi wa biashara?

#1 FundiSimu_Kasulu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni msomaji wa humu wa muda mrefu, huwa napita kimya kimya, leo limenifika mlangoni.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne. Matokeo haya hapa, sifichi: Uraia C, Kiswahili C, Historia D, Jiografia D, Kiingereza D, Baiolojia D, Biashara D, Hisabati F. Divisheni 4 ya 26. Kidato cha tano ndiyo basi tena. Mzee kauza ng'ombe wawili, mkononi ana 1,400,000, na ameshasema huko zizini hakuna wa tatu.

Mzee anataka dogo akasome usimamizi wa biashara. Hoja yake ni moja tu: kila mtu mjini anauza kitu. Dogo anataka sheria na hataki kusikia kingine. Mama hajasema mbele yetu, ila nilimsikia usiku akimwambia mzee kwamba mtoto ukimsomesha asichokitaka atarudi na begi lilelile.

Mimi ni fundi simu, shule yangu iliishia palepale la nne, sina cha kuwashauri. Naomba kujua: kwa matokeo hayo anapokelewa? Cheti cha sheria kinampa kazi gani kabla hajawa wakili? Na hiyo biashara, si ndiyo hiyo waliyosoma vijana wote wa kijiweni kwangu?

Matusi nayapokea, ila yaje na ushauri nyuma yake.

#2 Bwana_Nyundo

F ya Hisabati halafu mnabishana sheria au biashara. Peleka VETA akasome umeme wa magari, mwakani anakula hela yake. Uzi ufungwe.

#3 MamaKachumbari

Nyundo, mwenzio kauliza njia ya Kigoma wewe unamwelekeza Tunduma. Mleta mada subiri, wanaojua watakuja. Nakaa hapa mbele na karanga zangu.

#4 DadaFaili

Nipo ofisi ya wakili Mwanza, huu mwaka wa 9. Nilianza na cheti cha sheria, nikaunga diploma, baadaye nikasoma biashara jioni nikitoka kazini. Nimekula sahani zote mbili, nitasema ladha yake.

Kupokelewa anapokelewa. Sharti la chini la ngazi ya cheti ni ufaulu wa masomo 4, D kwenda juu, bila kuhesabu masomo ya dini. Dogo anayo 7. F ya Hisabati haimzuii kwenye sheria. Kwenye biashara inategemea chuo na kozi, hasa ukigusa uhasibu. Pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, kila chuo kimo na kozi zake, sifa na ada. Chuo kisichokuwemo humo, hata kiwe na bango kubwa stendi, pita kama hujaliona.

Halafu mzee aelezwe ngazi, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapigwa na mshangao. Ngazi za vyuo vya kati zinaitwa NTA: NTA 4 mwaka mmoja, NTA 5 mwaka mmoja, NTA 6 ndiyo diploma. Aliyetoka kidato cha nne anatembea miaka 3. Hela ya mwaka mmoja inamfikisha NTA 4, na kwenye matangazo ya kazi za ofisini NTA 4 peke yake huoni ikiulizwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana kozi ipi, kaeni mjue mwaka wa pili unalipwa na nani. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa diploma ulipoanza 2023/24 ulielekezwa kwenye fani za kipaumbele, afya, ualimu, usafirishaji, madini, kilimo. Sheria na biashara hazikuwemo. Msiuweke kwenye hesabu zenu.

Sasa kazi yenyewe. Watu wakisikia sheria wanaona joho. Mimi sijawahi kuvaa joho. Kazi yangu ni karatasi: kufungua jalada, kupanga tarehe, kupandisha nyaraka kwenye mfumo wa mahakama, kuchukua kontrol namba, kumkumbusha wakili kesi ya saa 3, kukaa na mteja anayelia.

Wiki iliyopita alikuja mama mjane. Mume kaacha nyumba na hela benki, benki wamemwambia alete barua ya usimamizi wa mirathi. Ana cheti cha kifo cha RITA, ana muhtasari wa kikao cha ukoo. Naupitia: waliohudhuria 9, waliosaini 6. Katika wale watatu yumo shemeji mkubwa. Wakili yuko mahakamani, niko peke yangu. Ningeweza kupokea hela na kumwambia acha nyaraka. Nikamwambia mama, rudi nyumbani, huyo shemeji asaini, na kama hataki mkae kikao upya aseme mbele ya wenzake kwa nini hataki. Maana tangazo likishabandikwa ndiye atakayekuja na pingamizi, na pingamizi la mirathi nalijua linavyokula miaka. Siku ya nne karudi na saini 9. Shemeji hakuwa na neno lolote. Hakuna aliyempelekea karatasi, basi.

Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa: ukiteuliwa, ndani ya miezi 4 rudisha Fomu Na. 5 ya orodha ya mali, na Fomu Na. 6 ya hesabu kwa muda utakaopangiwa na mahakama. Wengi wakishashika barua ya uteuzi wanadhani safari imefika.

Hiyo ndiyo kazi ya cheti na diploma ya sheria. Kama dogo anapenda hiyo, aende. Kama anapenda kusimama na kusema "mheshimiwa hakimu", ajue huko ni mbali.

#5 Kijiwe_cha_Kahawa

Dada umeeleza vizuri lakini umeruka penyewe. Mshahara?

#6 DadaFaili

Nilijua utakuja. Nilianza na 150,000 na nauli. Kuna miezi wakili mwenyewe hajalipwa, na mimi nikalipwa maneno.

Kilichonibadilishia hali ni ile biashara ya jioni, tena si somo la masoko wala hizo nadharia za uongozi. Ni uhasibu wa awali na usimamizi wa ofisi. Nilikuta ofisi haijui inadai nani. Majalada yamepangwa vizuri, madeni yako kichwani mwa wakili. Nikafungua daftari: mteja, tulikubaliana ngapi, kalipa ngapi, bado ngapi. Mwezi wa kwanza tulikusanya madeni ambayo bosi alikwisha kuyasahau. Baadaye nikaanza kuwashughulikia wateja wenye kampuni, ritani zao za mwaka za BRELA, wale wanaosajili kampuni na majina ya biashara, mabadiliko ya wakurugenzi, mihtasari ya vikao vya bodi. Wakili anasaini panapotaka saini yake, mimi naandaa. Leo siwezi kusema nalipwa kama meneja wa benki, ila karani mpya akija ndiye anayefuata chai.

#7 Muhuri_wa_Moto

Mnamzungusha dogo bure. Amalize NTA 5, achukue meza na laptop, akae mkabala na mahakama. Hati ya kiapo 20,000, hati ya madai 50,000, mkataba wa pango 30,000. Kwa siku watu 5. Kuajiriwa kwa nini?

#8 Wakili_Asiye_na_Haraka

Kijana wangu, hao ndio tunaowaita vishoka, na unamshauri mtoto wa mwenzio aanze maisha kwa kosa la jinai. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza asiye wakili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Mwisho wa nyaraka kuna sehemu "imeandaliwa na", na jina linalotakiwa pale ni la mtu mwenye sifa. Siku hizi hata mwananchi wa kawaida anaingia e-Wakili kwenye simu anaandika jina, anaona kama upo na kama leseni yako ni hai. Nimeshuhudia mzee mmoja kafutiwa shauri la shamba sababu karatasi iliandaliwa na bwana wa meza. Bwana wa meza hakuonekana tena pale, mzee alianza upya na gharama juu.

Upande wa pili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Wanasajiliwa, wana taasisi wanazofanyia kazi, wanaelimisha, wanamwelekeza mtu aende chombo gani, wanamsaidia kuandika maombi. Lakini huduma hiyo ni bure kwa mwananchi, na hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba usaidizi wa kisheria ni biashara ya kufungua kesho asubuhi. Ni utumishi. Wanaolipwa wanalipwa na shirika lenye mradi, na mradi una mwisho wake.

Nawaheshimu sana, nisieleweke vibaya. Huko vijijini mtu wa kwanza kumwambia mjane "hii ardhi ni yako, usisaini hapo" mara nyingi ni msaidizi wa kisheria mwenye baiskeli. Mawakili tumejazana mjini.

#9 Muhuri_wa_Moto

Mkuu nimekusikia. Mimi meza yangu ni ya kuchapa na kutoa kopi tu.

#10 MamaKachumbari

Tangu saa ngapi? 😂

#11 VEO_Mstahimilivu

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyeutaja mlango nilioingilia mimi.

Fungueni tangazo lolote la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Linataka kidato cha nne au sita, na astashahada ya NTA 5 katika Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha, Maendeleo ya Jamii au Sayansi ya Sanaa, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Sheria imo kwa jina lake. Usimamizi wa Biashara haujatajwa. Mshahara ni wa ngazi ya serikali ya TGS B, si wa kujengea ghorofa, lakini unaingia.

Nilisoma cheti cha sheria, nikakaa nyumbani miaka miwili na nusu, nikaomba mara 4. Mara ya nne nikaitwa usaili. Mtihani wa kuandika watu wamejaa uwanja mzima kama mechi ya watani, nafasi zenyewe za kuhesabu kwenye vidole. Nasema ili dogo asije akadhani NTA 5 ukiipata unapigiwa simu.

Kazi ikoje? Jana: asubuhi barua ya utambulisho kwa mtu anayefungua akaunti. Saa 5 ugomvi wa mpaka, mmoja kapanda mkonge upande wa mwenzake. Mchana mwenyekiti wa kijiji analalamika hakusomewa mapato. Jioni kikundi cha kina mama kinataka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, katiba yao haina kifungu cha mtu akifa itakuwaje. Tumekaa chini ya mwembe tukaiandika upya. Sasa niambieni, hiyo ni sheria au ni biashara? Andiko la mradi sikuwa nalijua kabisa, nilifundishwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, mungu ambariki.

#12 FundiSimu_Kasulu

Mkuu VEO hili sikuwahi kulijua. Mzee ukimwambia "mtendaji" anakaa sawa kwenye kiti. Asante sana.

#13 Mangi_wa_Steshenari

Nawaona mnaizika biashara hai. Ngojeni niitetee mwenye nayo nipo.

Mimi nilisoma usimamizi wa biashara mpaka diploma. Ni kweli imesomwa na wengi na ni kweli wengi wako kijiweni. Sababu moja ni kwamba haina bodi. Mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB, mhasibu ana NBAA, mtu wa kwanza kuangaliwa ni mwenye usajili. Usimamizi wa biashara ni wa jumla, unagusa kila kitu, mwajiri hajui akuweke wapi. Kama mzee lazima iwe biashara, asichukue ya jumla. Achukue uhasibu au ununuzi. Vyuo vipo: CBE ipo tangu 1965, ina kampasi Dar, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Ipo TIA, ipo IAA pale Arusha. Lakini na hiyo F ya Hisabati akae chini ajiulize kwa ukweli.

Pili, mnaosema biashara haifundishwi darasani, mimi nina steshenari mbili. Ya kwanza ilikufa. Ya pili niliandika jina BRELA mtandaoni kwa namba ya NIDA, nikachukua TIN ambayo TRA hawaitozi hela, nikakata leseni halmashauri, nikatenga hela ya duka na hela ya tumbo. Hiyo ya mwisho ndiyo elimu yenyewe, mengine ni fomu.

Lakini nikiri jambo. Nilimfukuza kijana wangu wa dukani kwa hasira. Alikosea, stoo ilipungua karatasi rimu 14, nikamwambia toka usirudi. Sikumpa barua, sikumsikiliza, sikumwita na shahidi. Yule kijana akaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yao, binti mdogo tu wa cheti. Akamjazia Fomu Na. 1 ya CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Ukomo wa kulalamikia kuachishwa kazi ni siku 30, wao waliwasilisha siku ya 27. Nilipopata wito nikacheka. Nikaenda kwa wakili, naye hakucheka. Tulisuluhishwa, nikalipa, kiasi sitakitaja hapa kwa sababu mke wangu anasoma jukwaa hili. Diploma yangu ilikuwa na somo la sheria ya biashara na la rasilimali watu. Nilifaulu yote mawili, tena vizuri.

#14 Bwana_Nyundo

Rimu 14 Mangi unafukuza mtu 😂😂 

#15 Mangi_wa_Steshenari

Nyundo ile hela ningekununulia wewe gari la huo umeme wako.

#16 Jirani_wa_Ruaka

Hamjambo ndugu zetu. Niko Nairobi, niwape ya kwetu kidogo. Huku ukitaka hii kozi kwa jina lake kamili, Kenya School of Law kule Karen wana Diploma ya Sheria ya upande wa paralegal, miaka 2. Na tulipata Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria 2016, mwaka mmoja kabla yenu. Wenzangu niliosoma nao wengi ni makarani kwa mawakili, mmoja anapeleka samansi na leseni yake ya korti, anazunguka na pikipiki Kiambu yote. Yeye ndiye ana pesa kutushinda. Upande wa biashara huku watu hupitia mitihani ya KASNEB, na kuna kozi yao ya makatibu wa kampuni ambayo ni sheria na biashara kwa sufuria moja. Sijui kama nyinyi mko na kitu kama hicho.

#17 Wakili_Asiye_na_Haraka

Jirani karibu. Hiyo ya kupeleka samansi hata huku ipo na ni nzuri kwa kijana mwenye miguu. Kwa kanuni za 2017 madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka wanatakiwa kupita mafunzo maalumu yanayotolewa na chuo cha mahakama kule Lushoto. Ni kazi ya halali na ina viwango vyake vya malipo. Wenye cheti cha sheria wengi hawaijui, wanaishia kuikimbilia ile meza ya Muhuri.

#18 Mtu_wa_AVN

Niongeze kitu ambacho ningekijua mapema nisingepoteza mwaka.

Nilisoma diploma kwenye chuo cha binafsi, jina nalihifadhi. Kimesajiliwa, walimu walikuwepo, nilitoka na GPA 3.6. Nikaomba shahada. Mtu wa diploma akiomba chuo kikuu anatakiwa awe na AVN, namba ya uthibitisho inayotoka NACTVET. Naingiza taarifa, matokeo yangu hayapo. Chuo hakikuwa kimepeleka matokeo ya kundi letu. Nikapiga simu: njoo kesho. Nikaenda: mhusika yuko safari. Nikarudi: mfumo uko chini. Dirisha la udahili likafungwa mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi nikitazama kalenda ya ukutani ya mwaka juzi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuteni mtu aliyemaliza hapo mwaka jana au juzi. Msimuulize chuo ni kizuri, kila mtu anasifia kwao. Muulizeni swali moja: AVN uliipata baada ya muda gani?

#19 Kijiwe_cha_Kahawa

Hili limenigusa. Nimelihifadhi.

#20 Bwana_Nyundo

Haya tuseme dogo kafika mpaka shahada ya sheria. Si kuna ile Shule ya Sheria ya kupitia kabla ya kuwa wakili, ambapo watu 633 walifanya mtihani wakafaulu 26? Mmesahau?

#21 Wakili_Asiye_na_Haraka

Hatujasahau, 2022. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wapo wengi waliopewa kurudia baadhi ya masomo, na wapo walioondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Wengine walilaumu Shule, wengine vyuo vikuu vinavyotoa shahada. Mimi nilikuwa na vijana wawili wa mazoezi ofisini mwaka ule, sitasahau nyuso zao. Wote wawili walikuwa hawawezi kuandika hati ya utetezi ya kurasa mbili bila kunakili ya mtu.

Aliyetoka cheti akaja diploma akaja shahada ana faida hapo. Jalada amelishika kwa mikono yake tangu ana miaka 19. Ila njia ni ndefu, Nyundo hajakosea: miaka 3 ya diploma, kisha GPA isipungue 3.0 ili aingie shahada, shahada miaka 3 au 4, halafu Shule ya Sheria. Mzee wa ng'ombe wawili lazima aambiwe hivyo hivyo ilivyo.

#22 FundiSimu_Kasulu

Shikamooni wakubwa. Ni mimi dogo mwenyewe, kaka kaniachia simu yake nimesoma uzi wote.

Naona wengi mnadhani nataka kuwa wakili. Sijasema hivyo, kaka ndiye alisema. Nieleze kwa nini.

2022 baba aligombana na jirani kuhusu shamba la bondeni, ekari 2. Walienda Baraza la Kata. Walilipa hela, wakasikilizwa siku tatu, mimi ndiye nilikuwa nambebea baba bahasha. Baraza likaandika baba ameshinda, wakapiga muhuri. Tukarudi nyumbani mama akachinja kuku. Jirani akaendelea kulima. Baba akapeleka ile karatasi wilayani ili wamtoe, yule wa mapokezi akaisoma akamwambia mzee hii karatasi haina kazi, siku hizi baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Baba hakuelewa. Alidhani yule dada anataka hela. Akarudi, mpaka leo shamba halijalimwa na sisi. Mimi nilielewa. Nilikuwa kidato cha pili. Nilijaribu kumwelezea kwenye basi akaniambia ninyamaze.

Ndiyo maana nataka sheria. Nataka nijue kusoma zile karatasi. Mengine yatakuja.

Mtendaji ningependa pia. Samahani kwa kuandika marefu.

#23 MamaKachumbari

Marahaba mwanangu. Karanga zimenishinda hapa.

#24 DadaFaili

Marahaba mdogo wangu.

Yule dada wa wilayani alikuwa sahihi. Mabadiliko yalipita 2021, tangu hapo baraza la kata kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mhusika anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Waliompa baba yako "hukumu" 2022 ama hawakuwa wameambiwa ama waliendelea kwa mazoea. Simsemi baba yako, hata mjini nimewaona watu wenye magari mazuri na karatasi kama hiyo.

Basi nimebadili ushauri wangu kidogo. Nilikuwa nataka kusema aanze biashara, sheria ije baadaye. Sasa naona sheria ianze. Ila miaka miwili ya kwanza jifunze kompyuta mpaka uchape bila kutazama vidole, na Kiingereza ukisome kila siku hata kama Mahakama tangu 2021 lugha yake ni Kiswahili, maana hukumu za nyuma na vitabu vingi bado viko kwa lugha ile. Biashara utaipata dukani kwa mtu, likizo.

#25 Bwana_Nyundo

Dogo nilikuwa nakutania na VETA. Komaa.

#26 FundiSimu_Kasulu

Wakuu, mrejesho. Ni mimi kaka sasa.

Nilimsomea mzee uzi huu jana baada ya chakula, ule wa dogo niliuruka. Aliposikia habari ya mtendaji akauliza mara mbili Hombolo iko upande gani wa Dodoma. Mama akaniambia soma na ule mwingine, nimeshausikia kwa mwenyewe. Ikabidi nisome. Mzee alinyamaza muda mrefu, akatoka nje akaenda kuangalia ng'ombe.

Alivyorudi akasema dogo aombe cheti cha sheria chaguo la kwanza, na serikali za mitaa chaguo la pili. Sharti lake moja: kila likizo akae dukani kwa mjomba, ashike daftari la madeni. Mwaka wa pili mimi nitaweka nusu ya ada, nusu atatafuta yeye mzee. Nimewapigia wawili waliomaliza kwenye chuo tunachokiwaza, nikawauliza lile swali la AVN. Mmoja alisema wiki tatu, mwingine akakata simu. Tunaendelea kuuliza.

Mangi, mzee amekuombea kwa ajili ya zile rimu.

#27 DadaFaili

Vizuri. Sasa ile karatasi ya baraza la kata mzee asiitupe wala asiichane kwa hasira. Haina nguvu ya hukumu, lakini inaonyesha walioitwa, mashahidi walisema nini na tarehe gani jirani alikiri mpaka uko wapi, kama alikiri. Piga picha pande zote mbili, na bahasha yake kama ina muhuri, uniwekee PM. Kesho mchana wakili hana kesi, nitamwonyesha.

#28 FundiSimu_Kasulu

Dogo anayo. Kumbe aliihifadhi kwenye daftari lake la Uraia muda wote huu. Natuma sasa hivi.